Kutamba

Jukwaani yuko mtu mmoja tu. Nyuma yake picha za video zinapita ukutani, na sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa inambishia kutoka kwenye spika. Onyesho la namna hii tuliite nini? “Mchezo wa mtu mmoja” ni maelezo, si jina. Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981 (leo TaSUBa), hauna haja ya kukopa jina. Bibi zetu walitamba hadithi: kinywa kimoja, na sungura, fisi na mfalme wote humohumo. Kutamba ni kujigamba pia, ni kutembea kwa maringo, na msanii wa peke yake hawezi kulikwepa hilo. Mimi namwita mtambaji. Na skrini? Hiyo ndiyo inayomwitikia “pakawa” siku hizi, ingawa haisinzii kama tulivyosinzia sisi wajukuu.