Baridi yabisi: Askari wa mwili wanaposhambulia viungo

Watu wengi hudhani baridi yabisi huletwa na hali ya hewa ya baridi au uzee. Dhana hiyo si sahihi. Ugonjwa huu huwapata hata vijana, wanawake zaidi kuliko wanaume, na chanzo chake ni kinga ya mwili wenyewe.

Kwa kawaida chembechembe nyeupe za damu hupambana na vijidudu, kisha hutulia. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi hazitulii. Chembechembe aina ya T huziona protini za mwili kuwa ni adui, nazo huziamsha zile za aina ya B zitengeneze kingamwili dhidi ya protini hizo. Ndani ya utando laini unaozunguka kiungo, chembechembe nyingine humwaga kemikali, mojawapo ikiwa ni TNF. Kemikali hiyo huita chembechembe zaidi kutoka katika damu, nazo zikifika humwaga nyingine. Utando huvimba na kunenepa, gegedu huliwa, na hatimaye mfupa humong'onyolewa. Ndiyo sababu vidole vya mikono yote miwili hukakamaa asubuhi, mara nyingi kwa zaidi ya nusu saa.

Mwaka 1992, jijini London, Marc Feldmann na Ravinder Maini waliwapa wagonjwa wa kwanza dawa ya kuizuia TNF. Wengi walikuwa na shaka: kemikali zote hizo, kuzuia moja kutasaidia nini? Wagonjwa walipata nafuu. Dawa hiyo, infliximab, iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1999.

Hata hivyo, TNF hiyo hiyo ndiyo husaidia kuvifungia vimelea vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Mwaka 2001 iliripotiwa kuwa watu 70 waliotumia infliximab walipata kifua kikuu. Kwa Afrika Mashariki, ambako wengi wanaishi na vimelea hivyo bila kuugua, onyo hilo ni zito: kipimo hutangulia sindano.

Dawa hizo ni ghali. Wagonjwa wengi huanzishiwa vidonge vya methotrexate, ambavyo hupunguza kasi ya chembechembe hizo. Humezwa mara moja tu kwa wiki. Atakayevimeza kila siku anaweza kupoteza maisha.