Bashingantahe: Wazee wa Kilima

Kwenye vilima vya Bukirasazi, kama kwingineko Burundi, kesi za mipaka ya mashamba, urithi na ugomvi wa ndoa zilisikilizwa na wazee waitwao bashingantahe. Hawakuwa na muhula wala mshahara. Aliyevishwa cheo alikaa nacho hadi kufa, isipokuwa wenzake wamvue kwa uongo, ulevi au rushwa.

Njia ya kukifikia ilikuwa ndefu. Kijana aliketi miaka kadhaa pembeni mwa wazee akisikiliza, nao majirani wakimchunguza: je, analipa madeni? Anatunza siri? Siku ya kuapa aliandaa pombe ya ndizi au ya mtama, na mkazi yeyote aliruhusiwa kusimama na kumpinga mbele ya watu wote. Mkewe naye alipimwa, kwani nyumba isiyotulia haiwezi kutuliza kilima. Asiyeridhika na hukumu yao alipanda kwa chifu, na mwisho kwa mwami, yaani mfalme.

Ukoloni ulipunguza nguvu zao. Baada ya uhuru wa 1962 serikali na chama tawala vikawaweka kando, lakini katika mauaji ya kikabila ya 1993 baadhi yao waliwaficha majirani wa kabila jingine. Mkataba wa amani wa Arusha wa 2000 ulitaka taasisi yao ifufuliwe. Sheria ya tarafa ya 2005 ikawataja sambamba na baraza la kilima la watu watano, lililochaguliwa kwa kura. Ile ya 2010 ikawaondoa. Hata hivyo, wapo wakulima wanaowatafuta kwanza kabla ya kwenda mahakamani.