Simu ya Tallinn

Mwaka 2008, katika intaneti kafe moja pale Posta, Dar es Salaam, nilimkalisha mama mkubwa mbele ya kompyuta nikamvisha hedfoni juu ya kilemba. Bintiye alikuwa Marekani. Simu ikalia ule mlio wake wa mapovu, uso ukatokea kwa miraba miraba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Lakini marahaba ilichelewa njiani, binti akadhani hakusikika, akaamkia tena, mama akaitika tena, na ile ya kwanza ndiyo kwanza inafika. Wakawa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja bila kupokezana. Kisha picha ikaganda, mdomo wazi. Mama mkubwa akanigeukia kwa hasira: "Mbona amekonda hivi?"

Wa kulaumiwa hakuwa yule binti wala programu. Intaneti yetu nyingi wakati huo ilipanda kwenye setelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya Ikweta kisha ikashuka, na safari hiyo moja hula robo sekunde. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika pwani yetu Julai 2009. Kabla yake, kuongea kwa video kulikuwa kubahatisha, na jambo la kushangaza ni kwamba kulifanya kazi hata kidogo.

Programu yenyewe ilikuwa Skype. Wenye mali walikuwa Niklas Zennström, Mswidi, na Janus Friis, Mdenishi, waliofahamiana wakiajiriwa na kampuni ya simu ya Tele2. Lakini walioiandika walikuwa vijana wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, nchi ndogo iliyojitoa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1991: Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn (jina lake na la mji yamegongana tu). Watatu hao walikuwa wametengeneza michezo ya kompyuta. SkyRoads ya 1993, ambamo chombo kinarukaruka juu ya barabara zinazoning'inia angani, ni yao. Baadaye wakawaandikia Zennström na Friis programu ya Kazaa, ambayo watu waliitumia kupeana nyimbo bila kulipa, hadi wenye haki za muziki wakawashtaki.

Kesi zilichosha, ila maarifa ya Kazaa hayakupotea. Kazaa haikuwa na ghala: wimbo ulitoka kwenye kompyuta ya mtu mmoja ukaenda moja kwa moja kwa mwingine. Wakajiuliza, kama wimbo unapita hivyo, sauti ya mtu je? Jina la awali lilikuwa Skyper, lililofupisha maneno ya Kiingereza ya anga na ya mtu kwa mtu. Anwani za intaneti za jina hilo zilikuwa zimeshachukuliwa, wakaikata herufi ya mwisho. Skype ikatolewa kwa umma tarehe 29 Agosti 2003. Video iliongezwa katika toleo la pili, ambalo lilienea mwanzoni mwa 2006.

Hapa inafaa tutulie kidogo, maana ndipo ilipo siri ya biashara nzima. Kampuni ya simu hujenga minara, hununua mitambo, huajiri mafundi wa kuilinda. Skype iliazima kompyuta zako na zangu. Programu ilichungulia kimyakimya, ikiona kompyuta yenye nguvu na intaneti nzuri, inaipandisha cheo bila kumwambia mwenyewe: inakuwa mnyapara, inawaelekeza wengine nani yuko wapi, na wakati mwingine inabeba mazungumzo ya watu wasioweza kufikiana moja kwa moja kwa sababu ya kuta za ulinzi za maofisini. Mtu wa Hamburg aliyeacha kompyuta ikiwaka usiku huenda alikuwa akiwaunganisha wageni wasiomjua. Ndiyo maana simu za Skype kwa Skype zilikuwa bure. Gharama ilitawanywa kwenye bili za umeme za dunia nzima.

Kasoro yake ilionekana Agosti 2007. Kompyuta nyingi za Windows zilijizima na kuwaka upya baada ya marekebisho ya kawaida, wanyapara wakatoweka kwa wingi, na wote waliorudi wakabisha hodi pamoja. Mtandao ulilala karibu siku mbili. Desemba 2010 ukaanguka tena.

Masuala ya fedha nayapitia haraka, ingawa ndiyo yaliyopewa kurasa nyingi magazetini. Mwaka 2005 eBay iliinunua Skype kwa dola bilioni 2.6, ikitumaini wauzaji na wanunuzi wake watapigiana simu. Hawakupigiana. Tena eBay ilikuwa imenunua nyumba bila kiwanja: teknolojia ya kuunganisha kompyuta ilibaki mikononi mwa kampuni nyingine ya Zennström na Friis, na hilo likaleta kesi mwaka 2009 wakati eBay ilipotaka kuuza sehemu kubwa kwa wawekezaji. Ugomvi uliisha kwa waanzilishi kurudi ndani na asilimia 14 ya hisa. Mei 2011 Microsoft ikatoa dola bilioni 8.5.

Wengi husema Microsoft ndiyo iliyoiua. Mimi naona mkosaji ni simu ya mkononi. Mnyapara alihitaji kompyuta iliyochomekwa ukutani siku nzima. Simu ya betri, yenye bando la kuhesabu, haiwezi kazi hiyo. Mwaka 2012 wanyapara wakahamishiwa kwenye seva za Microsoft, na tangu hapo Skype ikawa kampuni kama nyingine, yenye mitambo ya kulipia. Halafu WhatsApp ikaleta video mwaka 2016, na haikumtaka mtu jina jipya wala nywila: namba ya simu ilitosha. Corona ilipowafungia watu ndani mwaka 2020, waliokwenda mikutanoni walikwenda Zoom. Skype ilipata watu milioni 40 kwa siku, lakini miaka mitatu baadaye walishuka hadi milioni 36.

Tallinn haikupata hasara. Taavet Hinrikus, mfanyakazi wa kwanza wa Skype, alishirikiana na mwenzake kuanzisha kampuni ya kutuma fedha inayoitwa leo Wise. Heinla na Friis wakaunda vigari visivyo na dereva vya kupeleka vyakula. Martin Villig, aliyewahi kufanya kazi Skype, akamsaidia mdogo wake Markus kujenga Bolt, hiyohiyo ambayo kijana wa bajaji wa Dar anaipokelea abiria.

Skype ilifungwa tarehe 5 Mei 2025. Jioni ile nikampigia mama mkubwa kwa WhatsApp, picha safi, nikamwambia kwamba ile Skype yetu ya Posta imefungwa rasmi. Akasogeza simu mbali ya macho, akaikagua.

"Kwani hii si ndiyo Skype?"