Swali Likisafiri: Kutoka Baltimore Hadi Isevya

Sisi watu wa Tabora tunazijua habari za wakalimani. Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, ambako leo ni Tabora. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alichotaka kuuliza alimwambia Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani (Bombay aliwahi kuishi India), Bombay akakigeuza Kiswahili, na kama anayeulizwa hakijui Kiswahili, swali likapandishwa lugha ya tatu. Jibu nalo likarudi njia ile ile. Hebu fikiria ni mangapi yaliyodondoka njiani!

Nimeyakumbuka hayo baada ya kusoma habari za dodoso, yaani ile karatasi ya maswali ambayo wataalamu wa afya ya akili hutumia kupima huzuni, hofu na mengine ya ndani. Mengi yametungwa Marekani na Ulaya. Moja maarufu linaitwa Hopkins, kwa jina la Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilichopo Baltimore. Lina maswali 25: 10 ya wasiwasi na 15 ya sonona, yaani huzuni ile nzito isiyobanduka. Kila swali unalipa alama 1 hadi 4, kisha unatafutwa wastani.

Sasa kazi ipo hapa. Katika Kiingereza chake, dodoso hilo linauliza kama mtu anajisikia "bluu". Kwao rangi hiyo ni huzuni. Kamuulize bibi wa Isevya kama anajisikia bluu, atadhani unamuulizia kitenge! Sisi tunasema moyo mzito, roho inaniuma, mawazo yamenizidi. Na ukisema moyo unauma, daktari asiyekuelewa atakupima mapigo ya moyo na kukurudisha nyumbani.

Si mzaha, jamani. Mwaka 2002 Dk. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliolipima dodoso la Hopkins kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam. Kumbuka kwamba dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mama anabeba mimba na habari nzito kwa pamoja. Kipimo kilichozoeleka kwingine ni 1.75: ukifika hapo, unahitaji kuangaliwa. Wao wakaona kwamba kwa akina mama hawa mstari unaofaa ni 1.06. Maana yake ni nini? Ukija na kamba ya kupimia ya ugenini, mama anayeumia utamwambia "wewe mzima, nenda".

Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 timu hiyo ilichapisha habari za dodoso la maswali 19 lililotengenezwa hapa hapa nchini, likabeba jina la Dar es Salaam. Mwaka huo huo kule Hispania, Hervás na Jódar walilihamishia Kihispania dodoso la Kimarekani la mwaka 2004 linalopima namna mtu anavyoshindwa kuzitawala hisia zake. Liliingia na maswali 36, likatoka na 28. Kwa hiyo hata Wazungu kwa Wazungu, swali halivuki mpaka likabaki lilivyokuwa.

Ninachotaka kusema ni hiki. Kiswahili kilikuja Tabora kwa miguu, kutoka Bagamoyo, pamoja na misafara na wapagazi Wanyamwezi. Kilipofika kikakuta lugha nyingine na namna nyingine ya kueleza maumivu. Basi dodoso lililopimwa Dar lisichukuliwe kwamba limekwisha pimwa Tabora. Kwanza wakae na wazee, wauguzi na akina mama kliniki, wasikilize huzuni inaitwaje huku, ndipo wachape karatasi.

Wewe msomaji, kwenu mtu aliyezidiwa na mawazo anasemaje?