Kiko cha kijani

Jumamosi moja, baada ya katekisimu, tuliwagawia watoto wetu karatasi yenye mchoro mmoja tu: kiko cha kuvutia tumbako, na chini yake maneno haya, "Hiki si kiko." Tukawapa kalamu za rangi, tukawaambia waujaze mchoro ule.

Mchoro huo tuliuiga kutoka picha yenye sifa duniani pote. Aliyeichora ni René Magritte, Mbelgiji, katika mwaka 1929. Alikuwa mmoja wa wasurealisti, yaani wale waandishi na wachoraji waliomfuata Mfaransa André Breton, aliyetangaza mawazo yao kule Paris mwaka 1924. Watu hao walichoka na mambo yanayoonekana kwa macho tu. Walitaka kuonyesha ndoto, na mambo yaliyofichika ndani ya mtu. Basi Magritte alichora kiko cha kahawia chenye mdomo mweusi, kizuri hata ungetaka kukishika. Kisha akaandika chini, kwa Kifaransa, kwamba si kiko. Je, alisema uongo? Hata kidogo. Nani awezaye kutia tumbako ndani yake? Ni rangi juu ya kitambaa. Picha ni picha, na kitu ni kitu.

Hayo tuliwaeleza watoto, nao wakaanza kazi. Tulipopita kati yao tukaona binti mmoja amejaza kiko chake rangi ya kijani, kijani kabisa kama jiwe la malakiti. Tena ameongeza moshi, na kando yake kilima cheusi. Kiko kimekuwa bomba kubwa la kiwanda cha shaba, lile tunaloliona kila siku hapa Lubumbashi! Tukamkemea: "Kiko hakina rangi ya kijani. Futa, anza tena." Mtoto akatutazama kwa heshima, akasema: "Lakini mwalimu, ninyi wenyewe mmesema hiki si kiko."

Wenzake wakacheka. Sisi tulinyamaza, kwa maana hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumefundisha jambo kwa kinywa na kulikana kwa mkono.

Jioni tulikumbuka habari ya mji wetu wenyewe. Mwaka 1946, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, na nchi ingali chini ya Ubelgiji, Mfaransa mmoja jina lake Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa nyumba ya wachoraji. Watu waliiita "Hangar". Wanafunzi wake hawakuwa watu wa shule kubwa. Pilipili Mulongoy alikuwa akipaka rangi nyumba za watu. Bela, mtu wa asili ya Chad, alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Romain-Desfossés mwenyewe. Pamoja nao alikuwapo Mwenze Kibwanga, na wengine.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hii: mwalimu hakuwafundisha sheria za uchoraji za Ulaya, wala hakutaka mmoja aige kazi ya mwenzake. Kila mtu atafute mkono wake. Matunda yake yakaonekana. Bela aliacha burashi, akachora kwa ncha za vidole, alama moja baada ya nyingine, hata majani na wanyama wakatokea. Mwenze alipiga mistari mifupi mifupi iliyofuatana, ukadhani picha imefumwa kama mkeka. Pilipili alichora samaki, nyoka na ndege wenye rangi kali, na nyuma yao akajaza vidoto na mistari pasipo kuacha nafasi tupu. Nani amewahi kuona mto wenye vidoto namna ile? Hata hivyo mtu wa mtoni akitazama husema: ndiyo, ni samaki wetu.

Lakini tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita kiasi. Uhuru ule ulikuwa na mpaka wake. Romain-Desfossés aliwataka wachoraji wake wakae mbali na mafundisho ya Ulaya ili wabaki, kwa mawazo yake, Waafrika safi. Na mpaka huo aliuweka yeye, si wao. Mtu aweza kufungwa pia na yule anayemwambia, "Uwe wewe mwenyewe, kama nitakavyo mimi." Bwana huyo alikufa mwaka 1954, na Hangar ikaisha. Wanafunzi wake waliendelea kuchora. Baadhi yao waliingia katika shule ya sanaa iliyoanzishwa mjini humu na Laurent Moonens mwaka 1951. Mwaka 2015 picha zao zilionyeshwa Paris, katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, na watu wengi wakazistaajabia.

Basi, twajifunza nini? Kwanza, Mkristo asishangae maneno ya Magritte. Mtaguso wa Nisea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa sanamu yamwendea yule anayeonyeshwa nayo. Hatusali kwa mti wala kwa rangi. Bibi zetu wanaopiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria wayajua hayo bila kusoma vitabu vya wasurealisti.

Pili, sisi wazazi na walimu tuangalie mkono wetu. Kuna mambo ambayo lazima mtoto ayapokee kama yalivyo: sala, hesabu, amri za Mungu. Lakini si kila karatasi ni amri. Yule binti hakukosea rangi. Alikuwa amechora mji wake, mji uliojengwa juu ya shaba, na pengine moshi ambao baba zake na babu zake waliuvuta vifuani mwao. Sisi tulitazama kiko tu.

Jumamosi iliyofuata tulimwomba msamaha mbele ya wenzake, tukaibandika picha yake ukutani. Kisha tukawagawia watoto karatasi tupu.