Tathmini ya Sera za Kupunguza Gesijoto

Tathmini ya sera za kupunguza gesijoto ni uchunguzi wa kujua kama sheria, kodi, ruzuku au mradi umepunguza kweli hewa ukaa, methani na gesi nyingine zinazolipasha joto angahewa, na kwa kiasi gani. Hufanywa kabla ya sera kuanza, kwa makadirio, au baada ya sera kutumika, kwa vipimo. Makadirio ndiyo hutangazwa siku ya uzinduzi. Vipimo ndivyo hueleza kilichotokea, na ndivyo mara nyingi havipo.

Ugumu wake ni kwamba gesi ambayo haikutoka haipimiki. Mtathmini hana budi kulinganisha kilichotokea na kile ambacho kingetokea kama sera isingekuwepo. Uzalishaji wa gesijoto ukishuka katika mwaka wa kodi mpya, pengine viwanda vimefungwa, au mvua nyingi zimejaza mabwawa ya kufua umeme. Vilevile unaweza kupanda na sera ikawa imefaulu, kwa kuwa bila hiyo ungepanda zaidi. Mwaka 2024 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa sera zipatazo 1,500 katika nchi 41, zilizotumika kati ya 1998 na 2022. Watafiti walipata matukio 63 tu ambapo uzalishaji ulishuka kwa kiasi kikubwa kutokana na sera.

Pale wachomaji wanapokuwa wachache, hesabu si ngumu sana. Uingereza ilijua kila kituo chake cha umeme wa makaa ya mawe hadi cha mwisho, Ratcliffe-on-Soar, kilipozimwa tarehe 30 Septemba 2024. Kwa Afrika Mashariki mambo ni tofauti, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati huteketea jikoni, katika mamilioni ya nyumba zinazonunua mkaa kwa kopo au gunia bila risiti.

Upungufu unaodaiwa na mradi wa majiko banifu, yaani majiko yanayokusudiwa kutumia mkaa au kuni kidogo, hupatikana kwa kuzidisha: idadi ya majiko yanayotumika, mara mkaa au kuni zinazookolewa na kila jiko, mara sehemu ya miti iliyokatwa ambayo haichipui tena, mara gesijoto inayotolewa na kila kilo. Kwa kuwa ni kuzidisha, makosa nayo huzidishana. Tuseme matumizi yamekuzwa mara moja na nusu, uokoaji mara mbili, na upotevu wa misitu mara tatu: jibu linakuwa kubwa mara tisa kuliko ukweli, ingawa hakuna tarakimu hata moja iliyoonekana ya ajabu. Ndivyo hali ilivyo. Utafiti wa Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kuwa miradi ya majiko waliyoichunguza ilipewa hati za kaboni, yaani vyeti vya upungufu wa gesijoto vinavyouzwa, zaidi ya mara tisa ya zile ilizostahili. Kampuni iliyonunua hati hizo iliendelea kutoa moshi wake ikiamini umefidiwa.

Hilo halina maana kwamba majiko hayafai. Jijini Nairobi, Susanna Berkouwer na Joshua Dean walifuatilia kaya zipatazo 1,000 zinazotumia mkaa. Bei ya jiko banifu na nafasi ya kulilipia kidogo kidogo viligawiwa kwa bahati nasibu, ili walionunua na wasionunua waweze kulinganishwa kwa haki. Hawakutegemea maneno ya watu peke yake: kaya zilikusanya majivu ya jiko, nayo yakapimwa kwenye mizani. Matumizi ya fedha kwa mkaa yalipungua kwa asilimia 39. Kinyume chake, katika jimbo la Odisha nchini India, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia majiko kwa miaka minne wakakuta kaya ziliacha kuyatumia na kuyakarabati, na kuni hazikupungua. Sera ni ileile kwa jina. Tofauti imo katika ubora wa jiko na kama mpishi anaona faida yake mfukoni.

Kwa gesi ya mitungi kuna mtego mwingine. Nyumba nyingi hupika chai na mayai kwa gesi, kisha maharage na makande yakabaki kwenye mkaa kwa kuwa yanachukua saa nyingi. Anayehesabu mitungi iliyogawiwa ataiandika nyumba hiyo kuwa imehama kabisa. Bei nayo huyumbisha matokeo: Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 Julai 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka 2022, kisha ikaifuta tena mwaka 2023. Utafiti wa mwaka mmoja katika kipindi hicho hauwezi kuisemea miaka mingine.

Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Mafanikio yake yapimwe kwa mkaa uliopungua, si kwa mitungi iliyokabidhiwa mbele ya kamera, na takwimu hizo ziwe wazi kwa kila mwananchi. Wilaya ambazo bado hazijagawiwa mitungi zinapaswa kupimwa sasa, kwani hali ya kabla haiwezi kupimwa baada ya ugawaji.