Usugu, Kushindwa na Kuhamisha: Maneno ya Tiba ya Watoto Wenye VVU

Ugonjwa huu ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, Kiswahili hakikuwa na jina lake. Wenyeji waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Waganda nao waliuita Silimu kwa vile ulivyokondesha. Katika mwongo huohuo likaundwa neno UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, likakubalika upesi kwa kuwa linatamkika kama neno lolote la Kibantu. Maneno ya tiba yalichelewa, na ya tiba ya watoto yalichelewa zaidi, kwani dawa zenyewe zilichelewa kuwafikia. Zidovudini iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima mwaka 1987, na kwa watoto mwaka 1990. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa kutoa dawa mwaka 2004.

Hapo kwanza zilisemwa “dawa za kurefusha maisha”, jina la faraja lisiloeleza kazi ya dawa. “Kufubaza virusi” ni bora, kwa sababu kinachofubaa hakijafa.

Neno linalotushughulisha zaidi ni usugu. Sugu kwa asili ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mwenye jembe. Kisha likahamia kwa mtu asiyesikia maonyo, na hatimaye kwa vijidudu vilivyozoea dawa. Malaria ndiyo iliyolieneza, hasa Tanzania ilipoiacha klorokwini mwaka 2001. Picha yake ni sahihi: dawa haba inayovigusa virusi mara kwa mara bila kuvizuia kabisa ndiyo inayovikomaza. Kasoro ni kwamba “maradhi sugu” pia ni maradhi ya muda mrefu. Kwa hiyo atakayesoma “mtoto ana VVU sugu” hajui aelewe lipi. Tunapendekeza dawa itajwe daima: “virusi sugu kwa nevirapini”.

Mfano huo hatukuuchagua ovyo. Mwaka 1999 utafiti wa Uganda ulionyesha kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama mwenye uchungu, na moja kwa mtoto mchanga, hupunguza maambukizo karibu nusu. Lakini watoto walioambukizwa hata hivyo, wengi walibaki na virusi sugu kwa dawa hiyohiyo iliyokuwa ikiwangoja katika tiba. Ndiyo sababu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba watoto wa chini ya miaka miwili waliokwisha kupitiwa na dawa za jamii hiyo waanzishiwe lopinavir. Usugu wao ulitangulia kidonge cha kwanza cha tiba; kumwita mtoto wa namna hiyo “sugu” ni kumsingizia.

Kusingizia huko kumo pia katika “mtoto ameshindwa dawa”, kauli tunayoisikia mara nyingi. Sarufi inamweka mtoto mahali pa mtenda kosa. Ukweli ni kwamba tiba ndiyo iliyoshindwa kufubaza virusi, na sababu ni nyingi. Dawa ya maji ya lopinavir ilikuwa chungu, ina alkoholi zaidi ya asilimia 40, na ilihitaji kuhifadhiwa kwenye baridi kabla ya kutolewa. Kipimo kilichomtosha mtoto wa kilo 9 hakimtoshi afikapo kilo 15. Mlezi hufariki, mtoto akahamia kwa bibi asiyeambiwa dawa ni za nini. Tuseme basi “tiba imeshindwa”. Tena isisemwe mapema: mwongozo wa mwaka 2013 ulitaka wingi wa virusi uzidi 1000 kwa mililita katika vipimo viwili vinavyofuatana, katikati mlezi akisaidiwa kuhusu umezaji. Zamani, pasipokuwa na kipimo hicho, waganga walitazama uzito na asilimia ya chembe za kinga, na mara nyingi waligundua virusi vikiwa vimekwisha kujikusanyia usugu.

Tiba ikishindwa, mtoto hupewa mseto mwingine. (Mseto limetoka jikoni, kwenye wali na pojo, na wataalamu wasingeweza kubuni neno zuri kuliko hilo.) Hapa “kubadilisha dawa” halitoshi. Mtoto aliyeondolewa stavudini kwa sababu ya madhara yake alibadilishwa dawa moja tu, na tiba yake haikuwa imeshindwa. Yule mwingine mseto wake wote umeachwa. Cheti kikiandika neno moja kwa wote wawili, daktari wa kituo kingine atakosea kuhesabu dawa zilizosalia, na kwa watoto hazikupata kuwa nyingi. Tunapendekeza “kubadili dawa” kwa wa kwanza, na “kuhamisha mseto” kwa wa pili. “Mstari wa pili” tungeuacha: wazazi huudhani ni foleni.

Imetokea pia hali ya tatu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliowahusisha watoto wa Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini na kwingineko, ulionyesha kwamba tiba ilishindwa kwa asilimia 14 ya waliopewa dolutegravir, dhidi ya asilimia 22 ya waliopewa dawa za kawaida. Tangu hapo watoto wengi wamepewa dolutegravir ilhali virusi vyao vimefubaa vizuri, wengine kwa kidonge kinachoyeyuka majini chenye ladha ya stroberi. Huko si kushindwa wala si madhara. Tumefikiria “kuboresha mseto”. Wauguzi wa watoto walio na neno lililokwisha kuzoeleka vituoni mwao tunawaomba watuandikie.